Mita 150 na Bei ya Kiwanja: Hesabu ya Ufuo wa Rumonge

Ardhi tambarare ya tarafa ya Rumonge, nchini Burundi, ni ukanda mwembamba. Upande mmoja ni Ziwa Tanganyika, upande wa pili ni milima inayopanda kuelekea Bururi, na katikati ni kipande cha Imbo, nyanda za chini za kando ya ziwa, ambacho kila mtu anakitaka. Mvuvi anakitaka kwa sababu mtumbwi haupandi mlima. Mkulima wa michikichi anakitaka kwa sababu ya joto na udongo. Mfanyabiashara wa mawese na ndagala anataka kukaa karibu na lami ya barabara kuu ya RN3, mwenye hoteli anataka mchanga, na serikali inataka barabara, bandari, shule na ofisi zake. Wakazi wa Kizuka, Minago, Kigwena na mji wa Rumonge wenyewe wanagombania kipande hicho hicho, na tangu mwaka 2012 sheria imekata sehemu yake na kusema: hapa pasijengwe. Swali la uchambuzi huu ni kama katazo hilo, na makatazo ya aina yake, ndiyo yanayopandisha bei ya viwanja na nyumba. Wapo wanaoapa kuwa ndiyo yenyewe, na wapo wanaocheka wakisema katazo lisilofuatwa haliwezi kumpandishia mtu bei. Mimi naona wote wawili wameshika nusu ya jambo. Kuzuia ujenzi hupandisha bei, hilo halina ubishi mkubwa tena. Lakini kizuizi kinachouma zaidi katika ufuo huu hakimo katika sheria ya mita 150. Kimo katika uhaba wa ardhi ambayo mtu anaweza kuinunua leo na kulala bila hofu ya kuitwa mahakamani kesho.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Maji ya Burundi ya Machi 2012 iliweka ukanda wa kinga wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika, na mita 25 kandokando ya mito inayomwaga maji yake humo. Namba hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Tanzania, kwa sheria yake ya mazingira ya mwaka 2004, inataka mita 60 kutoka kwenye maji. Rwanda iliweka mita 50 kwa maziwa. Burundi, nchi ndogo yenye watu zaidi ya milioni 12, ndiyo iliyochagua ukanda mpana kuliko jirani zake wote hao. Kwa kila kilomita moja ya ufuo, mita 150 ni hekta 15. Ukitoa theluthi moja kwa ajili ya njia na mitaro, zinabaki hekta 10, yaani viwanja 250 vya mita 20 kwa 20. Kwa ufuo mzima wa Burundi, ambao una kilomita 150 na ushei, ni hekta zaidi ya 2,000. Si kila hekta hiyo ingejengwa, maana kuna miamba, kuna matete, kuna midomo ya mito. Hata hivyo, anayesema kwamba kipande hicho ni kidogo mno kuathiri soko hajapiga hesabu.

Namna kizuizi kinavyopandisha bei ni jambo la kawaida, ila huelezwa vibaya. Bei ya nyumba ina sehemu mbili: gharama ya kuijenga, na bei ya mahali ilipo. Matofali, mabati, simenti, mbao na ujira wa fundi ni sehemu ya kwanza. Haibadiliki sana kutoka mtaa hadi mtaa, kwa sababu gari la mchanga linafika kote. Sehemu ya pili ndiyo inayobeba athari ya vizuizi. Wachumi wawili wa Marekani, Edward Glaeser na Joseph Gyourko, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitumia tofauti hiyo kama kipimo: chukua bei ya nyumba, toa gharama ya kuijenga, tazama kilichobaki. Waliona kwamba katika sehemu kubwa ya nchi yao nyumba iliuzwa kwa bei iliyo karibu na gharama ya ujenzi, lakini katika miji yenye masharti makali, kama New York na San Francisco, pengo lilikuwa kubwa mno. Pengo hilo halitokani na matofali. Ni bei ya ruhusa. Mfano wa kinyume ni Auckland, New Zealand, ambako mwaka 2016 jiji liliruhusu nyumba nyingi zaidi kwenye takriban robo tatu ya ardhi yake ya makazi. Ujenzi uliongezeka sana, na watafiti wa chuo kikuu cha huko walikadiria kwamba baada ya miaka sita kodi za nyumba zilikuwa chini kwa zaidi ya robo kuliko ambavyo zingekuwa bila mabadiliko hayo. Makadirio hayo yana wapinzani, kwa kuwa si rahisi kujua mji ungekuwaje laiti jambo fulani lisingetokea. Mwelekeo wake, hata hivyo, ni ule ule unaoonekana kwingi: pale ujenzi unaporuhusiwa, bei hupumua.

Kipimo hicho kina faida nyingine kwetu, nayo ni kutuzuia kulaumu katazo kwa dhambi zisizo zake. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa karibu asilimia 38 dhidi ya dola. Uhaba wa mafuta ya magari umeikaba nchi kwa miaka, na simenti imekuwa ikipatikana kwa kubahatisha. Mabati na nondo huja na fedha za kigeni; lori linalopeleka mchanga Kizuka linakunywa mafuta yaliyonunuliwa kwa taabu. Nyumba iliyopanda bei kwa sababu hizo ingepanda hata kama Sheria ya Maji isingekuwapo, na imepanda hata milimani ambako hakuna aliyewahi kusikia habari za mita 150. Zaidi ya hapo, faranga inapoyeyuka, mwenye akiba huikimbilia ardhi. Hununua kiwanja si kwa sababu anataka kukaa, bali kwa sababu kiwanja hakishushwi thamani kwa tangazo la benki. Mtu akikuambia kwamba bei ya nyumba imekuwa maradufu, kwa hiyo katazo ni baya, muulize kwanza: simenti nayo je?

Sasa tuingie kwenye katazo lenyewe. Kwa miaka kadhaa baada ya 2012 lilikuwa la kwenye karatasi zaidi. Nyumba zilizokuwamo zilibaki, na nyingine ziliendelea kuchipuka. Hapa ndipo wale wanaocheka wanapopata nguvu: sheria isiyotekelezwa, wanasema, haiwezi kupunguza nyumba, na isipopunguza nyumba haiwezi kupandisha bei. Hoja hiyo inaonekana kamili, lakini inasahau kwamba kiwanja si udongo tu. Ni udongo pamoja na matumaini ya kuendelea kuwa nao. Katazo legelege huzaa bei tatu mahali penye bei moja. Ndani ya ukanda kiwanja huwa rahisi, kwa kuwa mnunuzi anajua siku moja anaweza kuamriwa kubomoa. Nje kidogo ya ukanda kiwanja huwa ghali, kwa kuwa kina ziwa mbele na hakina hofu hiyo. Bei ya tatu haiandikwi popote: ni ile anayolipwa aliyetakiwa kuzuia ujenzi ili atazame pembeni. Bei za viwanja katika ufuo huu hazitangazwi. Hukaa vinywani mwa madalali, makomisioneri kama wanavyoitwa Burundi, na dalali mzuri anaijua hiyo ya tatu kuliko zile mbili za kwanza. Kuna pia hasara nyingine inayoonekana kwa macho. Anayejenga mahali ambapo hana uhakika napo hajengi nyumba ya kudumu. Huweka matofali mabichi, huweka mabati yanayoweza kung'olewa upesi, hachimbi msingi wa maana. Kwa hiyo hata pale katazo liliposhindwa kuzuia nyumba, liliwazuia watu kujenga nyumba nzuri.

Kisha ziwa likaja kufanya kazi ambayo serikali haikuifanya. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie, na historia yake ni ya kupanda na kushuka. Katika karne ya 19 mlango huo uliziba kwa muda mrefu na maji yakajaa; ulipofunguka karibu na mwaka 1878, ziwa lilishuka kwa mita nyingi katika miaka iliyofuata. Mwaka 1964 lilipanda tena kwa kiwango kilichokumbukwa kwa miongo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 lilianza kupanda upya, na mvua za mwaka 2024 zikalifikisha karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, ambapo kiwango chake cha kawaida kiko karibu na 774 au 775. Mita mbili si kitu ukiwa mlimani. Kwenye ufuo tambarare kama wa Rumonge ni mitaa mizima. Kanyenkoko, mtaa wa mjini Rumonge ulio karibu na maji, ulikuwa kati ya ile iliyoingiliwa, na mwezi Aprili mwaka huo serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa walitoa wito wa msaada kwa ajili ya walioathirika nchini. Mafuriko hayo yalifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Yalipunguza nyumba zilizokuwapo, na yaliwatuma wenye nyumba hizo kutafuta pa kukaa upande wa juu wa barabara, kwenye kipande kile kile kilichokuwa tayari kinagombaniwa. Tena yalisogeza mstari wenyewe. Ukipima mita 150 kutoka ukingo wa maji, mstari wa mwaka 2024 uliingia ndani kuliko ule wa mwaka 2012. Mtu aliyenunua mita 160 kwa uangalifu, akitii sheria neno kwa neno, anaweza kujikuta mkosaji bila kunyanyua hata tofali moja.

Wanaoumizwa zaidi na kusogea huko ni wale ambao hawana pengine pa kuhamia kwa sababu ya kazi. Nyumba ya familia ya wavuvi ni mahali pa kulala na mahali pa kazi pia. Taa, nyavu na injini haviachwi ufuoni usiku bila mlinzi. Ndagala zikitua alfajiri lazima zitandazwe kwenye kichanja jua likiwa bado changa, na mwanamke anayezianika ndiye huyo huyo anayepika na kulea. Wingu la mvua likitokea ana dakika chache za kuziondoa. Mwambie ahamie kilomita tatu juu ya mlima, na umemwondolea nusu ya mapato. Ndiyo maana watu hawa watalipa kodi kubwa kwa chumba kibovu kilicho karibu na maji kuliko kodi ndogo kwa nyumba imara iliyo mbali, na ndiyo maana bei katika mita mia mbili tatu zinazofuata mstari wa katazo haziwezi kushuka kwa kuwaonyesha tu ramani ya ardhi tele ya milimani.

Hiyo ardhi tele ndiyo kiini cha jambo, na hapa sitapita haraka, kwa sababu wachambuzi wengi wa bei za nyumba wakifika hapa huona kwamba ni habari ya siasa na kuiacha. Aprili 29, 1972 uasi ulianzia katika ufuo huu huu wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na kisasi cha serikali ya wakati ule kikaua watu wengi mno nchini. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania, wakaishia Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Mashamba yao hayakubaki matupu. Mengine yalichukuliwa na majirani na wageni, na mengine serikali iliyapanga upya kwa ajili ya kilimo cha michikichi katika miaka ya 1970 na 1980, ikagawa vipande kwa wakulima wapya. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimruhusu aliyekaa mahali kwa miaka 30 kudai kuwa pake. Mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000, kwa upande wake, ulitaka mkimbizi arudishiwe mali yake. Hesabu ndogo tu inaonyesha mgongano: 1972 jumlisha 30 ni 2002, yaani haki ya mkaaji ilikomaa wakati ule ule mkimbizi alipoanza kurudi. Tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa mwaka 2006. Mwanzoni ilihimiza pande mbili zigawane, na kuanzia 2011, chini ya Serapion Bambonanire, ikaegemea kumrudishia mkimbizi mali yake yote. Waliokuwa wamegawana kwa amani wakarudi kwenye kesi. Mwaka 2014 ikaja mahakama maalumu ya ardhi. Rumonge ilikuwa kati ya mahali ambapo kesi hizo zilijaa kuliko kwingine.

Sasa jiweke mahali pa mnunuzi. Anaonyeshwa viwanja vitano upande wa juu wa barabara. Kimoja kina ndugu wawili, mmoja alikimbia na mmoja alibaki. Cha pili kiko katikati ya michikichi ambayo haijulikani kama ni ya mkulima au ya mpango wa serikali. Cha tatu muuzaji ana karatasi ya tarafa na mashahidi, lakini jirani yake naye ana karatasi ya tarafa na mashahidi. Cha nne mmiliki amefariki na warithi wengine wako Kigoma. Cha tano kina cheti kutoka ofisi ya ardhi ya tarafa, zile ofisi zilizotambuliwa na sheria ya ardhi ya 2011, na mipaka yake imetembelewa mbele ya majirani. Ardhi ni ya viwanja vitano. Soko ni la kiwanja kimoja. Fedha zote za mfanyabiashara, za aliyehama mafuriko, za mwana aliye Ulaya anayemjengea mama yake, zinakikimbilia hicho cha tano. Kuongeza ardhi kwenye ramani hakushushi bei yake hata kidogo, kwa kuwa vile vinne havishindani nacho. Hiki ndicho ninachokiita kizuizi cha ujenzi kinachouma zaidi. Hakuna waziri aliyekisaini na hakina adhabu, lakini kimezuia nyumba nyingi zaidi kuliko Sheria ya Maji.

Mtu atasema: unazunguka mbuyu, bei inapandishwa na wenye fedha. Barabara kati ya Rumonge na Gitaza imekuwa ikitengenezwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Bujumbura itakaribia, watu wa mjini watakuja kununua, na mnunuzi wa nje atamshinda mwenyeji kwa bei. Ni kweli kwamba mahitaji yanasukuma. Lakini mahitaji yanaweza kusukuma mambo mawili tofauti: idadi ya nyumba au bei. Yatasukuma lipi kati ya hayo, inategemea kama kuna ardhi ya kujengea. Mfanyabiashara mmoja tajiri akiingia Kizuka na kukuta viwanja mia viko wazi, mji unapata nyumba moja zaidi na kazi kwa mafundi. Akikuta viwanja viwili, mji haupati nyumba ila unapata bei mpya, na mwenyeji mmoja anasogezwa. Tajiri ni yule yule. Kwa hiyo anayemlaumu mgeni na anayelaumu kizuizi hawapingani. Kizuizi ndicho kinachomgeuza mgeni kuwa tishio.

Wengine wanatoka hapo na kudai kitu rahisi: basi ondoeni mita 150, bei ishuke. Nakataa, na sikatai kwa kupenda vizuizi. Nyumba iliyojengwa ndani ya ukanda ilikuwa rahisi kwa sababu bei yake haikuhesabu maji. Yule aliyenunua kwa bei nafuu mwaka 2015 na kuingiliwa na maji baada ya hapo alilipa tofauti yote kwa mkupuo mmoja: kuta, godoro, akiba, na muhula mmoja wa shule wa watoto. Nairobi imetoa somo la aina hiyo mara mbili. Mwaka 2018 majengo makubwa ya biashara yaliyokuwa kwenye kingo za mito yalibomolewa mbele ya kamera, na baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliwaondoa watu waliokaa ndani ya mita 30 za mito huko Mathare na Mukuru. Mara ya kwanza waliumia wenye maduka, mara ya pili waliumia wapangaji wasio na kitu, na wengi wao walitawanyika kwenda kupanga mitaa ya jirani ambako kodi haikuwangoja. Katazo la hatari ni halali. Kosa ni kulitangaza peke yake, kama vile watu wakizuiwa hapa wataacha kuhitaji paa. Kila mita ya ardhi inayofungwa kwa ajili ya usalama ni deni la mita inayopaswa kufunguliwa pengine, na deni hilo ndilo tarafa zetu hazijalilipa.

Kufungua kwenyewe kunahitaji uangalifu, maana kuna namna ya kufungua ambayo haimsaidii anayetafuta nyumba. Tanzania inatoa mifano miwili inayofaa kuwekwa pamoja. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Dar es Salaam ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara na maji kwanza, kisha watu wakajenga wenyewe polepole. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2021 walilinganisha mitaa hiyo na mingine ya jirani na kukuta kwamba, miongo kadhaa baadaye, mitaa iliyopimwa kabla ya watu kuingia ina nyumba bora na ardhi yenye thamani zaidi. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipima hata zaidi ya idadi hiyo, Bunju, Kibada, Tuangoma na kwingine, lakini viwanja vilikuwa vikubwa na bei yake ilihitaji mtu mwenye mshahara mzuri. Vingi vilikaa miaka na miaka vikiwa na nyasi, vimenunuliwa kama akiba. Tofauti kubwa ilikuwa ukubwa wa kiwanja na nani aliyeweza kukilipia. Hapa tunakutana na kizuizi kingine ambacho hakitajwi sana: kipimo cha chini cha kiwanja. Hekta moja ikitolewa asilimia 30 ya njia inabaki na mita za mraba 7,000. Ukikata viwanja vya mita 20 kwa 20, unapata 17. Ukikata vya mita 10 kwa 15, unapata 46. Sheria inayomlazimisha maskini anunue kiwanja kikubwa imemzuia kujenga, hata kama haina neno "marufuku" ndani yake. Houston, mji wa Texas, mwaka 1998 ulishusha kipimo cha chini katika maeneo yake ya ndani kutoka takriban mita za mraba 465 hadi 130, na nyumba nyingi za bei ya kati zikajengwa mahali palipokuwa na chache. Kigali nayo inafundisha kwa upande wa pili: mpango mzuri wa mji unaotekelezwa kwa nguvu unaweza kumwondoa mtu mahali pake, kama ilivyokuwa kwa wakazi wa Kangondo waliohamishiwa Busanza mwaka 2022, nyumba zikiwa bora ila kazi zikiwa mbali.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ni la mkulima. Nchi hii inakula kutokana na vipande vidogo vya ardhi. Kila kiwanja kinachopimwa Kizuka kinaweza kuwa michikichi kadhaa iliyokatwa. Ni hoja ya haki. Lakini angalia kinachotokea pasipopimwa: nyumba hujengwa vile vile, moja moja, kila moja ikijitengea uwanja wake na njia yake katikati ya shamba, na michikichi hukatwa mingi zaidi. Hekta moja iliyopimwa kwa viwanja vidogo huhifadhi familia 46. Zile familia 46 zikitawanyika zenyewe, zitakula hekta kadhaa. Anayetaka kulinda shamba na aulizie viwanja vidogo, nyumba za ghorofa moja karibu na soko, na mipaka ya michikichi iliyoandikwa. Kutojenga si chaguo lililopo mezani, kwa kuwa watoto wa Rumonge wameshazaliwa.

Kwa mgawanyo mpya wa nchi wenye mikoa mitano na tarafa 42, Rumonge sasa ni tarafa ya mkoa wa Burunga, pana kuliko ile ya zamani na yenye ofisi inayojipanga upya. Mita 150 zibaki. Lakini pale zinapotekelezwa, kila kaya inayoondolewa ipewe kwanza kiwanja kilichopimwa, kisicho na kesi, chenye njia ya kufika ufuoni kabla jua halijachomoza. Na kesi za ardhi zilizo karibu na barabara zipewe zamu ya kwanza, kwa sababu kila moja ikimalizika ni kiwanja kimoja zaidi sokoni. Nawe msomaji wa Kizuka, Minago au Kigwena, mjumbe wa baraza la tarafa akija kukusanya watu, usimuulize kama katazo litalegezwa. Muulize mwaka huu vimepimwa viwanja vingapi, viko wapi, vina ukubwa gani, na orodha yake imebandikwa ukuta gani.